Utafiti katika Pwani ya Kunduchi: Nani Anaruhusiwa Kuuliza, Kupima na Kuchimba

Katika miezi ya karibuni ofisi yetu ya utafiti, iliyo chini ya chuo kikuu cha umma, imepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kutoka kwa wakazi wa pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Msasani kupitia Mbezi na Kunduchi hadi Ununio na Mbweni. Wapo wanaolalamika kwamba vijana wenye madaftari na kamera huingia katika makaburi ya zamani bila hodi. Wapo wanaouliza kwa nini mtu apime ufukwe kila mwezi kwa kamba na fimbo ya vipimo ilhali hajengi chochote. Upande wa pili, wanafunzi wetu wamekuwa wakifukuzwa mitaani, na mmoja kati ya ninaowasimamia alizuiliwa kwa saa kadhaa katika ofisi ya serikali ya mtaa akidhaniwa kuwa mpimaji wa viwanja. Makala haya yanaeleza utafiti huo unahusu nini, unaendeshwa kwa utaratibu gani, na mkazi ana haki ya kudai nini kabla hajajibu swali lolote.

Nianze na ardhi, kwa sababu ndiyo chanzo cha hofu nyingi. Mtafiti wa historia au mazingira hapandi bikoni, haweki alama ya X ukutani, hathamini nyumba wala haandiki majina ya watakaohamishwa. Kazi hizo zina mamlaka zake na sheria zake. Ninaielewa hofu hiyo, kwa kuwa wakazi wa ufukweni wanajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na wengi wanaishi humo. Hata hivyo, kumfukuza mwanafunzi anayehesabu mikoko hakubadilishi chochote katika sheria hiyo.

Kinachotafutwa Kunduchi ni kumbukumbu ya namna watu walivyoishi na bahari hii kwa karne nyingi. Magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopo pale, ambayo mengi ni ya karne ya 18, ni sehemu ya msururu mrefu wa miji ya Waswahili unaopitia Kaole karibu na Bagamoyo hadi Tongoni kule Tanga, na kusini hadi Kilwa. Katika nguzo za makaburi hayo walipachika bakuli za kaure zilizosafirishwa kutoka mbali, zikiwemo za China, na bakuli hizo ni ushahidi wa biashara ambayo haikuandikwa katika daftari lolote lililotufikia. Ikumbukwe kwamba Dar es Salaam yenyewe ni changa. Sultani Majid bin Said alianza kuijenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, wakati watu walikuwa wakizikana Kunduchi zamani kabla ya hapo. Kwa hiyo anayesema kwamba Kunduchi ni kitongoji kilichozaliwa na jiji ameigeuza historia kichwa chini miguu juu.

Kuna pia historia isiyo ya mawe. Masimulizi ya pwani hii yanawataja Mashomvi, Waswahili wa zamani wa pwani hii, vita vyao na Wakamba, msaada waliopewa na Pazi, kiongozi wa Wazaramo, na ada iliyoitwa kanda la Pazi iliyotolewa baadaye kama malipo ya msaada huo. Masimulizi ya namna hiyo hayawezi kuchimbwa ardhini, na kila mzee anapofariki kabla hajahojiwa tunapoteza toleo moja ambalo lingeweza kulinganishwa na mengine. Hatuendi kwa wazee kwa sababu hatuna vitabu, kama mama mmoja alivyoniuliza kwa nia njema kabisa. Tunakwenda kwao kwa sababu vitabu vingi kuhusu eneo hili viliandikwa na watu waliopita tu.

Sasa nije kwenye mchanga, jambo ambalo naomba msomaji anivumilie kwa kuwa ndilo linalozua maswali mengi zaidi. Ufukwe si kitu kilichosimama. Wakati wa kusi mawimbi yanayotoka kusini-mashariki husukuma mchanga kuelekea kaskazini kandokando ya pwani, na wakati wa kaskazi sehemu yake hurudi. Mchanga unaoondoka hufidiwa na ule unaoletwa na mito wakati wa masika, na kwa pwani yetu mito hiyo ni Mlalakuwa, Mbezi, Tegeta na, kaskazini zaidi, Mpiji. Mchanga huo unapochotwa kwenye mito kwa malori ili kufyatua matofali ya saruji, haufiki baharini, na ufukwe unaendelea kutoa bila kupokea. Mwenye hoteli au nyumba anapoona mawimbi yanakaribia, hujenga ukuta wa mawe unaoingia baharini. Ukuta huo hukusanya mchanga upande wake wa kusini na kuunyima upande wa kaskazini, ambako jirani naye hulazimika kujenga wa kwake. Tangu miaka ya 1970 na 1980 Kunduchi imekuwa ikitajwa kama mfano wa mmomonyoko huo, na mzee yeyote wa Mtongani, mtaa wa hapa Kunduchi, anaweza kuonyesha kwa kidole, katikati ya maji, mahali palipokuwa na minazi.

Mmomonyoko huo hauna sababu moja pekee. Miamba ya matumbawe iliyo mbele ya pwani ndiyo huvunja nguvu ya mawimbi, na miamba hiyo imepigwa baruti na wavuvi haramu, imevunjwa ili kuchomwa chokaa, na mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi Magharibi ilipauka na kufa kwa joto la maji. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975, na baadaye vikawekwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, kwa sababu umuhimu wake ulikuwa umekwisha kueleweka. Mikoko nayo hushika tope na kulinda midomo ya mito. Wakazi wanaoweza kutofautisha mkoko, mchu, mlilana, msinzi na mkandaa wanajua zaidi ya wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza.

Hapa ndipo historia na mazingira vinapokutana, na ndiyo sababu tunatuma timu zenye watu wa fani zote mbili. Chokaa na mawe ya matumbawe yaliyojenga misikiti na makaburi ya kale vilitoka katika pwani hiihii. Mlima wa Wazo, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966, umeundwa na chokaa ya viumbe wa baharini wa zama za kale sana. Picha za satelaiti zinazoweza kutuonyesha mstari wa pwani zilianza kupatikana mwaka 1972. Kwa miaka iliyotangulia tunategemea ramani za zamani, picha za angani, masimulizi ya wavuvi na mahali magofu yalipo. Msikiti haukujengwa majini. Umbali wake wa leo kutoka kwenye maji ni kipimo, na kipimo hicho hupotea mtu anapohamisha mawe yake kwenda kujengea msingi wa choo.

Nieleze utaratibu, na nitaueleza kwa ukamilifu kwa sababu hapa ndipo watafiti na wakazi hukosana. Mwanafunzi au mhadhiri wa chuo cha hapa nchini hupewa kwanza barua ya utambulisho na chuo chake. Barua hiyo haielekezwi kwa mwenye nyumba. Huelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa huandika barua kwa Katibu Tawala wa Wilaya au kwa Mkurugenzi wa Manispaa, ambaye humwandikia Mtendaji wa Kata, naye humtambulisha mtafiti kwa Mtendaji wa Mtaa na Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Mtafiti anayefika mtaani akiwa na barua ya chuo pekee hajakamilisha safari, hata kama barua hiyo ina muhuri. Mtaa una haki ya kumrudisha kwa heshima, na sisi hatutalalamika. Barua ikikamilika itaonyesha jina la mtafiti, mada, maeneo na tarehe ya kuanza na kumaliza. Tarehe ikipita barua imekufa, na mtafiti anapaswa kuomba upya, hata kama amebakiza nyumba mbili tu za kuhoji. Atakayetumia barua ya mwenzake, au atakayebadili mada baada ya kuruhusiwa, atafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, data zake zinaweza kukataliwa, na utetezi kwamba ada au muda ulikuwa umekwisha haupokelewi.

Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji zaidi ya hayo. Lazima awe na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, inayojulikana kama COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, awe na taasisi mwenyeji hapa nchini, na awe na kibali cha ukaazi kinacholingana na kazi hiyo. Viza ya utalii haimruhusu kukusanya data, hata kama anaikusanya kwa Kiswahili kizuri. Kurusha ndege nyuki kunahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga na vyombo vya ulinzi, na kibali cha utafiti hakichukui nafasi ya idhini hiyo. Kupeleka sampuli za udongo, maji au matumbawe nje ya nchi kuna vibali vyake, na kila sampuli huombewa kwa aina na kiasi chake.

Kuchimba ni jambo jingine kabisa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inalinda majengo, makaburi na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na pia milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Hakuna anayeruhusiwa kuchimba kitu cha namna hiyo bila leseni inayotolewa chini ya sheria hiyo, iwe ni profesa, mwenye kiwanja au kamati ya msikiti. Kuuza kitu hicho au kukisafirisha nje bila ruhusa ni kosa linaloweza kuleta faini, kifungo, au vyote viwili, na kitu chenyewe hutaifishwa. Tumewahi kuulizwa kama sheria hiyo haimhusu mtu aliyerithi eneo kwa babu yake. Inamhusu. Urithi wa kiwanja haumpi mtu mamlaka juu ya kaburi la kale lililomo ndani yake.

Nalazimika kusema wazi kuhusu hazina. Kila tunapofungua shimo la mita moja kwa mita moja, inaenea habari kwamba tunatafuta rupia za Mjerumani, au zebaki nyekundu, au dhahabu iliyozikwa chini ya nguzo. Usiku watu huja kuchimba palepale. Wanachokuta ni vigae vya vyungu, mifupa ya samaki na maganda ya kombe, na wanavitupa. Kwetu vitu hivyo ndivyo vyenye thamani, lakini thamani yake imo katika tabaka la udongo vilipolala: kigae kilicho chini ya sakafu ya chokaa ni cha zamani kuliko sakafu hiyo, na kikishatolewa na kurushwa pembeni hakiwezi kutueleza tena ni cha lini. Bakuli za kaure zilizobanduliwa katika makaburi ya pwani hazikumtajirisha yeyote katika mitaa yetu. Zimeacha matundu matupu katika nguzo. Ninaomba kwa dhati uvumi huu uachwe. Hakuna ramani ya Mjerumani tuliyoificha.

Mkazi anayehojiwa naye ana haki zake. Ana haki ya kukataa, ya kuacha katikati, ya kukataa kurekodiwa sauti na ya kujua jina lake litatumika au la. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze sababu na azitumie kwa sababu hiyo pekee. Hatutoi malipo kwa majibu, ingawa fidia ndogo ya nauli au muda inaweza kutolewa ikiwa ilielezwa katika maombi ya kibali. Atakayedai kwamba jibu lako litakupatia kiwanja, mkopo au ajira si mtafiti wetu, na naomba aripotiwe kwa Mtendaji siku hiyohiyo.

Lipo lalamiko moja ambalo nalikubali bila kujitetea. Wakazi husema kwamba tunachukua maelezo yao na haturudi. Ni kweli kwa tafiti nyingi mno, na ni aibu kwetu, kwa sababu mvuvi aliyetumia asubuhi nzima kutuonyesha mstari wa zamani wa maji anastahili kuona ramani iliyotokana na maelezo yake. Kwa sasa ofisi yetu haipitishi maombi yasiyo na mpango wa kurudisha matokeo kwa Kiswahili katika mkutano wa mtaa, na serikali ya mtaa inaweza kudai tarehe ya mkutano huo iandikwe kabla haijagonga muhuri.

Mwisho ni kwa wanaojenga, kwani mashimo mengi Kunduchi na Ununio leo yanachimbwa na mafundi. Ukichimba msingi au shimo la maji taka ukakuta ukuta wa mawe ya matumbawe, vigae vingi mahali pamoja, shanga au mifupa ya binadamu, simamisha kazi sehemu hiyo tu, usihamishe chochote, piga picha ukiweka rula au tepu ya fundi kando yake, na mtaarifu Mtendaji wa Mtaa ili naye awasiliane na Idara ya Mambo ya Kale. Kutoa taarifa hakumaanishi kwamba kiwanja kinatwaliwa. Mara nyingi wataalamu hurekodi palipogunduliwa na ujenzi ukaendelea. Vigae visioshwe, kwa kuwa masizi na mabaki ya chakula yaliyoganda ndani yake ndiyo hupelekwa maabara, na shimo lifunikwe kwa turubai kabla mvua haijanyesha.