Franchaizi ya McDonald's: mauzo ni mengi, ya nani?

"Ukiwa na dola 45,000, mgahawa ni wako."
Hiyo ni ada ya kuingia tu kwenye franchaizi, yaani mkataba wa kuendesha mgahawa kwa jina la kampuni. Nchini Marekani, McDonald's huwataka waombaji wawe na angalau dola 500,000 za kwao wenyewe, zisizo za mkopo. Ukijumlisha majiko, viti, mabango na mengineyo, mgahawa mpya hupita dola milioni moja kwa urahisi.

"Mauzo ya dola milioni 3 kwa mwaka? Huyo ni tajiri!"
Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Tupige hesabu ya mfano. Mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina la kampuni, ni 5% kwa migahawa mipya tangu 2024 (zamani ulikuwa 4%). Matangazo, angalau 4%. Pango hutofautiana, tuseme 10%. Hapo dola 570,000 zimeshaondoka, na hujalipia hata mkate mmoja. Chakula na vifungashio vikila 30%, na mishahara 30% nyingine, unabakiwa na 630,000. Humo utoe umeme, bima, matengenezo, rejesho la benki na kodi ya serikali. Na makato yale ya kampuni hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Ukipata hasara, unalipa vilevile.

"Angalau nimejenga mali yangu."
Mkataba kwa kawaida ni wa miaka 20, na kiwanja au jengo huwa mikononi mwa kampuni. Harry Sonneborn, kiongozi wa McDonald's wa enzi hizo, ndiye aliyebuni mpango huo mwaka 1956, na mimi naona ndio siri kubwa ya McDonald's kuliko baga. Chick-fil-A, kampuni nyingine ya migahawa ya Marekani ambayo ada yake ni dola 10,000 tu, huchukua 15% ya mauzo na nusu ya faida inayobaki, na mwendeshaji hawezi kuuza mgahawa wala kuurithisha.

"Nitanunua vitu sokoni kwa bei poa."
Thubutu! Januari 2022 KFC za Kenya ziliishiwa chipsi wakati viazi vimejaa Nyandarua, kwa sababu wasambazaji lazima waidhinishwe kwanza. Wakenya walichachamaa mitandaoni.

"Kampuni itaniambia nitapata kiasi gani."
Sheria ya Marekani huitaka ikupe waraka wa taarifa angalau siku 14 kabla hujasaini, lakini haiilazimishi kutaja mapato. Ndani ya waraka huo mna orodha ya waliojitoa mwaka uliopita, pamoja na mawasiliano yao. Anza kuwapigia hao.