Koti la Karume na Baridi ya Chicago

Wiki iliyopita nilimsindikiza mtoto wa dada yangu mpaka soko la mitumba la Karume, Dar, kutafuta koti. Januari anaondoka kwenda kusoma Chicago. Jua lilikuwa la utosini. Muuzaji akachomoa kwenye belo koti jeusi, zito kama godoro, akamvika kijana palepale, kisha akanigeukia: "Anti, huyu keshapona. Ndani avae singlendi tu, anapita popote." Kijana jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, anacheka.

Mimi nilicheka nusu. Nilikuwa Chicago tarehe 30 Januari 2019, siku kipimajoto kiliposhuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri, na karibu kila nililobeba kutoka nyumbani kuhusu baridi lilikuwa na kasoro.

Tuanze na hilo la koti. Kinachokupa joto si uzito wa nguo, ni hewa inayonaswa kati ya nguo na nguo. Mwili ndio jiko, nguo kazi yake ni kuzuia joto lisitoroke. Ndiyo maana nguo tatu za kawaida, ya ndani inayoshika mwili, ya katikati ya sufu na ya nje ya kukata upepo, hulishinda koti moja juu ya singlendi. Na hiyo ya ndani isiwe pamba. Pamba tunayoisifu Dar kwa kunyonya jasho, kule ndiyo inayokuponza: ikishalowa inakugandia mwilini, na maji hupokonya joto haraka kuliko hewa. Soksi nazo, watu hudhani tatu ni bora kuliko mbili. Zikijazana kwenye kiatu zinaubana mguu, damu haipiti vizuri, na vidole ndivyo vya kwanza kulia. Afadhali soksi moja ya sufu na kiatu kilichozidi kidogo. (Koti tulilinunua. Muuzaji alianzia elfu themanini, tukamalizana arobaini na tano.)

Pili, tunaamini theluji ikianguka ndiyo baridi yenyewe, na jua likitoka mambo yamepoa. Asubuhi ile mbingu ilikuwa buluu tupu, jua linawaka kama la Kigamboni. Nikajifunga mtandio kichwani, nikatoka. Pumzi ya kwanza tu, vinyweleo vya puani vikaganda, nikasikia vinachoma kama sindano ndogo. Pumzi iliyopita kwenye mtandio ikageuka barafu mdomoni. Kando ya reli kulikuwa na moto unawaka, nikadhani ajali. Kumbe wameuwasha makusudi, burneri za gesi za kuzuia barafu isikwamishe pale treni zinapobadili njia. Mawingu ni blanketi. Usiku usio na mawingu, joto la ardhi hupaa moja kwa moja, kwa hiyo siku za baridi kali kupita zote mara nyingi ndizo siku nyeupe zenye jua la kudanganya.

Sasa lile ambalo wengi wetu hatulijui, na shemeji yangu ndiye aliyelisema kwa sauti kubwa pale sebuleni: "Mimi mtu wa Makete, umande unaganda majanini tunaamka kwenda shamba. Baridi ikikuzidi si utasikia?"

Husikii. Baridi ya kwetu, hata hiki kipupwe cha Julai kinachotuvalisha masweta kwa nyuzi 19, inasikika mwanzo mpaka mwisho. Ile ya chini ya sifuri yenye upepo huuma kwa muda, halafu huacha kuuma, na unapoona nafuu ndipo nyama inaganda. Kwa baridi kama ile ya 2019, dakika kumi zinatosha kwa ngozi iliyo wazi. Pua, masikio, vidole. Vitabu vingi husema ngozi hugeuka nyekundu kisha nyeupe, maelezo yaliyoandikwa kwa ngozi ya wengine. Kwenye ngozi nyeusi huwa kama imepakwa majivu, na ni rahisi kuipuuza ukidhani ni ukavu. Na hili si la kupuuza, maana takwimu za jeshi la Marekani zimeonyesha askari weusi wakipata majeraha ya baridi zaidi ya wenzao weupe. Kwa hiyo usingoje kuona. Kidole kikifa ganzi, ingia ndani.

Ukishaingia, usikisugue. Wapo wanaosugua kwa theluji kabisa, wakisema moto hutolewa kwa moto. Ndani ya nyama kuna chembe za barafu, na kusugua ni kuzifanya zikate. Usisogelee moto wala hita, kwa sababu kidole kilichokufa ganzi kitaungua usijue. Kiloweke kwenye maji ya nyuzi 37 mpaka 39, yaani yale unayoyapima kwa kiwiko kabla ya kumwogesha mtoto mchanga, kisha tafuta hospitali.

Mwili mzima nao hudanganya vivyo hivyo. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 mtu hutetemeka. Likizidi kushuka, kutetemeka hukoma, ulimi unakuwa mzito, anapepesuka kama mlevi, na wengine huanza kuvua nguo wakidai wanasikia joto. Aliyeacha kutetemeka huku bado yuko baridini hajapata nafuu.

Pombe? Hupanua mishipa ya ngozini, damu ya moto ikaja juu, ukajisikia vizuri, na joto lako likatoka. Mafuta ya mgando, ambayo bibi yake kijana ameshafungasha makopo mawili, yatamsaidia midomo isipasuke. Hayazuii nyama kuganda, na asijione kavaa kinga.

Hayo mengine niyapitie upesi. Mafua huletwa na virusi, si baridi, ila watu wakijifungia ndani madirisha yamezibwa huambukizana kwa raha zao. Kichwa hakipotezi nusu ya joto la mwili, ni kama sehemu moja kwa kumi, ingawa kofia ivaliwe tu. Na kule si baridi kwa kuwa dunia imeenda mbali na jua. Mwanzoni mwa Januari ndipo dunia iko karibu nalo kuliko wakati wowote, kama kilomita milioni 147. Ni mlalo wa dunia tu, upande wao umeinamia mbali na jua huku sisi tunatokota na kaskazi.

Bibi alikuwa na wazo moja zaidi: jiko dogo la mkaa, aweke chumbani umeme ukikatika. "Mkaa ukishakolea hauna moshi, mjukuu wangu, hauna neno." Nilimshika mkono, nikamwambia taratibu, maana hata huku nyanda za juu watu hulala na jiko hilo na wasiamke. Moshi huisha, gesi ya kaboni monoksidi haiishi. Haina rangi, haina harufu, inakulevya usingizi. Texas, Februari 2021, baridi ilipozima umeme wa mamilioni ya watu, wapo waliowasha majiko ya kuchomea nyama ndani ya nyumba, wengine wakawasha gari gereji ikiwa imefungwa, wakafa kwa gesi hiyo.

Bibi akanyamaza kidogo, akauliza sasa mtoto atajuaje kama imejaa. Kuna kidude cha ukutani kinacholia ikijaa. Kijana nimemwambia, akifika chumbani, kabla hajafungua begi, akitafute na akibonyeze asikie kama betri zipo.