Papai bichi, mishikaki na kitundu cha nanomita 10

Wachoma mishikaki wa Dar wanalijua papai bichi: ipake nyama utomvu wake, iache kidogo, italainika. Kinacholainisha ni papaini, kimeng'enya kinachokata protini. Mwanafunzi wangu aliniuliza: tukikifungia ndani ya chembe za silika (dutu kuu ya mchanga) zenye vitundu, hakitastahimili zaidi joto letu la Februari?

Kitastahimili, ila nyama haitalainika.

Kimeng'enya ni mnyororo uliojikunja kwa umbo maalumu. Joto huukunjua, na umbo likiharibika kazi imekwisha. Kitundu kinachokizidi kidogo tu hukinyima nafasi ya kukunjuka. Papaini ina faida ya ziada: ikiwa huru majini hukatana yenyewe kwa yenyewe, lakini kila moja ikiwa chumbani mwake, hazifikiani. Shida ni kwamba protini za nyama nazo ni kubwa mno, haziingii. Umeutunza wembe vizuri, umeufungia kabatini.

Sasa chukua oksidasi ya glukosi, kimeng'enya kinachoioksidisha glukosi (sukari) kwa oksijeni, inayotumika kwenye stripu nyingi za kupimia sukari ya damu. Yenyewe ina upana wa takriban nanomita 7 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Glukosi haifiki hata nanomita 1. Kitundu cha nanomita 10 hivi kinaishikilia huku glukosi na oksijeni zikipita. Hapo ndipo ufungaji una maana.

Mwanzoni nilipoteza miezi kwa kuchagua silika kwa ukubwa wa eneo la uso wake, bila kuangalia mlango. Aina ya silika iitwayo MCM-41, iliyotangazwa mwaka 1992, ina eneo kubwa ajabu, lakini vitundu vyake kwa kawaida ni vya nanomita 3 hivi. Kimeng'enya kilinata nje tu. Silika nyingine, SBA-15 ya mwaka 1998, yenye vitundu vya nanomita 5 hadi 30, ndiyo iliyonitoa.

Kuna njia ninayoipenda zaidi: kumjengea mwenyeji nyumba akiwa ndani. Ioni za zinki na methili-imidazoli, ndani ya maji, bila kupasha moto, huotesha fuwele ya ZIF-8 kukizunguka kimeng'enya. Fuwele hiyo ni ya jamii ya MOF (ioni za metali zilizounganishwa na molekuli za kikaboni, zikiacha vitundu), jamii iliyowapa Kitagawa, Robson na Yaghi Nobel ya kemia mwaka 2025. Lakini madirisha yake ni ya nanomita 0.34, glukosi hupita kwa taabu, na asidi huibomoa.

Siku hizi, kabla ya kupima chochote, naosha chembe mara tatu na kuyapima maji ya kuoshea. Yakiweza kuoksidisha glukosi, kimeng'enya kimevuja, na sampuli hiyo naiweka kando.