Springi za upepo kwenye pikapu: kinachonyanyuka ni bodi, si uwezo wa gari

Wengi wanaoniletea Hilux niwafungie springi za upepo wana kilio kimoja: gari likipakiwa linakaa nyuma, taa zinamulika juu ya miti, usukani unakuwa mwepesi. Dawa ya siku zote ni kuongeza jani la springi. Inasaidia, ila jani hilo linabaki pale hata gari likiwa tupu, na kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi nyuma inarukaruka vibaya. Springi ya upepo ni mfuko wa raba: unaujaza upepo siku ya mzigo, unaupunguza ukishashusha.

Kabla sijashika spana, namwonyesha mwenye gari kibati cha uzito wa juu unaoruhusiwa. Namba iliyoandikwa pale haibadiliki kwa kufunga mifuko. Ekseli ni ileile, beringi zilezile, breki zilezile, na chasisi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Springi ya majani imeshikana na chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, hivyo uzito unagawanyika. Mfuko unasukuma katikati, juu ya ekseli. Ukiujaza kupita kiasi, springi inapumzika na uzito wote unahamia mahali hapo pamoja tu. Sasa weka mzigo mzito nyuma kabisa, au trela inayokandamiza ndoano ya kuvutia, halafu piga shimo kwa kasi: chasisi inapinda. Kwenye dabo kebini, angalia mwanya kati ya kebini na bodi. Ukiwa mpana juu kuliko chini, gari hilo lisipakiwe tena mpaka chasisi ikaguliwe.

Kufunga kwenyewe si kugumu. Gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyonyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, andika. Piga jeki, weka stendi chini ya chasisi, acha ekseli ining'inie. Mara nyingi unatoa raba inayozuia ekseli isigonge chasisi, na kikalio cha juu cha mfuko kinakaa mahali pake. Cha chini kinabanwa kwenye ekseli juu ya springi. Hakikisha paipu ya breki haikubanwa na kikalio, mfuko haukujisokota, na haugusi tairi wala eksozi. Eksozi ikiwa jirani, weka bati la kukinga joto.

Mpira wa kupeleka upepo kwenye mfuko ndio unaoharibu kazi za mafundi wengi. Ukate kwa wembe mkali, ncha iwe sawa kabisa. Ukikata kwa koleo ncha inabonyea, na hata ukiisukuma mpaka mwisho kwenye kiungio, upepo utapenya polepole. Na kila mfuko upate mpira wake na valvu yake. Ukiiunganisha mifuko yote miwili kwa kiungio cha njia tatu, gari likiingia kwenye kona upepo unakimbia kutoka upande unaobanwa kwenda upande wa pili, na bodi inalala zaidi pale pale unapotaka isimame.

Jaza, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungio, tafuta mapovu. Aina nyingi zinataka presha isishuke chini ya psi 5 hata gari likiwa tupu, kwa sababu mfuko usio na upepo unajikunja na kukatika. Kikomo cha juu kimeandikwa kwenye kijitabu chake, kifuate. Siku ya safari, pakia kwanza, kisha jaza mpaka urudie kipimo ulichoandika au ubaki chini yake kidogo. Usipite hapo.

Mafundi wenzangu, hapa naomba msiharakishe. Hilux nyingi zisizo na ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) zina valvu ya kugawa breki za nyuma, yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli. Inapima uzito kwa kuangalia chasisi imeshuka kiasi gani. Mifuko ikiinua bodi licha ya mzigo, valvu inadhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, na gari lenye shehena linachelewa kusimama. Lala chini uitafute fimbo hiyo. Ikiwepo, valvu irekebishwe kwa geji za presha ya breki kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, na mteja asikabidhiwe ufunguo kabla ya hapo.