Je, wajua kwa nini Cale Makar alipitia chuo kikuu kabla ya kuingia ligi kuu ya hoki?

Juni 2017, mjini Chicago, vilabu vya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu huko Amerika Kaskazini, vilikutana kugawana vijana wapya. Colorado Avalanche walikuwa wametoka kwenye msimu wa aibu: mechi 82, ushindi 22. Walihitaji mtu wa kuwaokoa upesi. Katika nafasi ya nne wakamchukua Cale Makar, beki wa miaka 18 kutoka Calgary, Kanada. Makar akaishukuru klabu, kisha akaenda zake Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Amherst, akakaa huko miaka miwili. Klabu haikulalamika. Kwa nini?

Jibu linaanzia nyuma kidogo. Kijana wa Kanada mwenye kipaji alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ligi kubwa za vijana, ambako wachezaji hupewa posho na ratiba yao inafanana na ya wakubwa. Ya pili ni vyuo vikuu vya Marekani. Shida ni kwamba vyuo viliwahesabu wachezaji wa ligi zile kuwa ni wa kulipwa, kwa hiyo aliyeingia njia ya kwanza alijifungia ya pili. Uamuzi huo mtoto aliufanya akiwa na miaka kumi na tano au kumi na sita hivi, na wazazi wake mezani. Medicine Hat Tigers wa ligi kubwa walikuwa wamemchagua Makar. Hakwenda. Akaenda kucheza ngazi ya chini yake, katika timu ya Brooks Bandits, mji mdogo mashariki ya Calgary, ili mlango wa chuo ubaki wazi. Ndiyo maana mwaka 2017 wako waliomtilia shaka: mabao anayo, lakini amemfunga nani?

Sheria nayo ilimbeba. Wakati huo, klabu ikimchagua kijana wa ligi kubwa za Kanada, ilikuwa na miaka miwili ya kumsainisha, la sivyo ilimpoteza. Akiwa chuoni, haki yake ilibaki kwa klabu muda wote wa masomo. Colorado hawakuwa na haraka ya kumkimbilia. Kijana alikuwa wao tu, na chuo ndicho kilichomlea.

Na beki anahitaji malezi kuliko mshambuliaji. Tazama kinachotokea mpinzani anapokuja mbio na kisahani, kile kidude cheusi cha mpira mgumu. Beki anarudi kinyumenyume juu ya vyuma vya viatu vyake, uso kwa mpinzani. Wakifika kwenye mstari wa buluu unaolinda eneo lake, ana chini ya sekunde moja kuamua: asimame hapo amkabili, au aendelee kurudi na kumsukumia pembeni. Akisimama kwa kukosea, anapitwa, na nyuma yake amebaki golikipa peke yake. Mshambuliaji akikosea pale mbele, kuna wenzake nyuma wa kumsitiri. Isitoshe, Makar ana urefu wa sentimeta 180 hivi, si jitu kwa kazi hiyo. Chuoni mechi huwa mbili kwa wiki, nyingi wikendi, na siku zilizobaki ni mazoezi na vyuma vya kunyanyua.

Si kwamba alikwenda kujificha kwenye timu iliyoiva. Massachusetts, chini ya kocha Greg Carvel, walikuwa wametoka kushinda mechi 5 msimu mzima. Katika mwaka wa pili wa Makar walishinda 31 na kufika fainali ya taifa. Yeye alipata mabao 16 na pasi za mabao 33, namba ambazo washambuliaji wengi wangezitamani.

Kisha zikaja siku nne ambazo mimi sichoki kuzisimulia. Ijumaa, 12 Aprili 2019, mjini Buffalo, alipewa tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa vyuo. Jumamosi akapoteza fainali 3-0 mbele ya Minnesota Duluth. Jumapili akasaini mkataba na Colorado. Jumatatu akavaa jezi yao mjini Denver katika mechi ya mtoano, dhidi ya nani? Calgary Flames, timu ya mji aliozaliwa. Kipindi cha kwanza hakijaisha, akamfunga kipa Mike Smith. Hakuna beki mwingine kabla yake aliyekuwa ameanza NHL kwenye mtoano na kufunga siku hiyohiyo.

Mechi za mtoano hazihesabiwi katika kupima ugeni wa mchezaji, kwa hiyo msimu uliofuata bado alikuwa mgeni kwa mujibu wa kanuni. Akapata pointi 50, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, katika mechi 57 na kuchukua tuzo ya Calder, ya mchezaji mpya bora. Mwaka 2022 alibeba Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, akatajwa beki bora wa ligi na mchezaji bora wa mtoano.

Siku hizi mtego ule umeondolewa. Tangu Agosti 2025 vyuo vinawapokea pia waliopitia ligi kubwa za Kanada, na kijana wa miaka kumi na tano halazimiki tena kuitupa njia moja ili apate nyingine.