Kraftwerk hawabonyezi kitufe tu

"Hao wanabonyeza kitufe, basi." Ndivyo wengi wanavyosema wakiwaona wanaume wanne wa Kraftwerk, kundi la muziki wa elektroniki la Düsseldorf, Ujerumani, wamesimama nyuma ya meza nne, kimya kama walinzi. Ni kweli midundo mingi hupangwa mapema kwenye kompyuta. Lakini Ralf Hütter, mwanzilishi pekee aliyebaki, anaimba na kupiga kinanda papo hapo. Lawama nyingine wamejitakia wenyewe: katika wimbo wa "The Robots" waliwahi kuondoka jukwaani kabisa, wakaacha roboti zitumbuize!

Dhana nyingine ni kwamba nyimbo ni zilezile za kanda za zamani, zimepigwa msasa tu. Hapa watu wanapotea kabisa. Sintesaiza nyingi (vinanda vya umeme vinavyotengeneza sauti) za miaka ya 1970 hazikuwa na kumbukumbu ya kuhifadhi sauti. Kila sauti ilitafutwa kwa kuzungusha vitufe kwa mkono, na joto la taa za jukwaani liliweza kuharibu tyuni. Katika ziara ya 1981 walilazimika kusafiri na studio yao, Kling Klang. Baadaye wakazihamishia sauti hizo kwenye dijitali na kuzijenga upya nyimbo zenyewe, ndipo ikatoka albamu ya The Mix, 1991.

Na si sauti peke yake. Wimbo wao "Radioactivity" wa 1975 ulitaja mionzi bila kuisifu wala kuilaani. Kwenye The Mix wakaongeza wito wa kuikomesha, pamoja na majina ya Chernobyl, Harrisburg, Sellafield na Hiroshima, mahali panapokumbukwa kwa ajali au bomu la nyuklia. Julai 2012, katika tamasha la kupinga nyuklia aliloliandaa mwanamuziki Ryuichi Sakamoto huko Japani, Hütter aliimba kwa Kijapani, na Fukushima ikaingia kwenye orodha. Kwangu mimi, huko ndiko kusasisha wimbo. Kubadilisha ngoma hata prodyuza wa juzi anaweza.

Wapo pia wanaodhani lazima vifaa viwe vipya. Mwanamuziki Mfaransa Jean-Michel Jarre alifanya kinyume: mwaka 2007 aliirekodi upya Oxygène, albamu yake ya 1976, kisha akazunguka nayo akitumia vyombo vya enzi zile. Safari hii alihitaji wenzake watatu jukwaani. Mwanzoni aliirekodi nyumbani karibu peke yake, akipanga sauti moja juu ya nyingine kwenye mkanda. Mbele ya watu, mikono miwili isingetosha.