Alice Stewart, daktari aliyeamua kuwauliza akina mama

Nimeulizwa mara kadhaa nani hasa alinifanya niipende epidemiolojia, yaani sayansi ya kutafuta magonjwa yanawapata watu gani na kwa nini, na kila nikimtaja Alice Stewart watu wananiangalia tu, hawamjui. Sawa, ngoja niandike.

Huyu mama alizaliwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1906, baba daktari na mama daktari, tena mama yake alikuwa kwenye kundi la wanawake wa mwanzo mwanzo kuifanya hiyo kazi kule. Akaenda kusomea udaktari Cambridge, chuo cha Girton, enzi ambazo wakiingia ukumbini hao wanawake wachache wanaume wanapiga miguu sakafuni kuwadhihaki, na ukimaliza hupewi digrii kamili kama wao maana Cambridge imekuja kuwapa wanawake digrii kamili mwaka 1948. Akavumilia, akamaliza. Ile vita kuu ya pili ikamkuta Oxford anachunguza wafanyakazi wa viwanda vya silaha, wale wanaoshika TNT, kile kilipuzi cha mabomu, kutwa nzima, anaangalia inaifanya nini damu yao. Mwaka 1946 akachaguliwa kuwa mwanachama wa ngazi ya juu kwenye chuo cha kifalme cha madaktari, na hapo hajafika hata miaka 40.

Mpaka hapo ni CV nzuri tu. Mambo yenyewe yanaanza miaka ya 50.

Bosi wake pale Oxford kwenye idara ya tiba ya jamii, John Ryle, alifariki 1950, idara ikashushwa hadhi, Alice akaachiwa kaofisi na hela kiduchu. Wakati huohuo takwimu za vifo zinaonyesha kitu cha ajabu, saratani ya damu kwa watoto inapanda, na inapiga zaidi wale wa miaka miwili mpaka minne. Sasa fikiria, mtoto wa miaka mitatu hajavuta sigara, hajafanya kazi kiwandani, hajaishi vya kutosha kufanya chochote. Kwa hiyo akajiuliza, je kama kitu chenyewe kilimpata kabla hajazaliwa? Na kama ni hivo basi anayejua ni mama yake, faili la hospitali haliwezi kukwambia yote. Leo tunaona kawaida lakini kipindi kile mama mzazi hakuhesabika kama chanzo cha data, alikuwa mtu wa kupewa pole basi.

Akapata pauni 1,000 kwenye mfuko wa Lady Tata. Akaandaa dodoso, akawaomba maofisa wa afya wa maeneo mbalimbali England na Wales wawafuate akina mama waliofiwa na watoto kwa kansa, na kwa kila mtoto aliyefariki atafutwe mwenzake aliye hai, jinsia ileile, umri uleule, eneo lilelile, mama zao wote waulizwe maswali yaleyale. Huu ndo tunauita utafiti wa kesi na kontroli, na uzuri wake kwa ugonjwa adimu ni kwamba huhitaji kufuatilia watoto milioni ukisubiri wachache waugue, unaanzia kwa waliougua unarudi nyuma. Maswali yalikuwa mengi, mama aliugua nini, alikula nini, na katikati humo likawemo moja: ulipigwa eksirei ukiwa mjamzito?

Fomu za mwanzo kabisa kurudi, "ndiyo" za waliofiwa zilikuwa kama tatu kwa kila moja ya wale wengine. Jozi zilipofika zaidi ya elfu moja ikatulia kwenye takriban mara mbili. Taarifa ya awali ilitoka 1956, kamili ikatoka Juni 1958 kwenye British Medical Journal, ameandika na Josefine Webb na David Hewitt.

Ukumbuke eksirei wakati huo ilikuwa kitu cha kisasa na cha kifahari, mpaka maduka ya viatu yalikuwa na mashine ya kuangalia mguu wa mtoto umekaaje ndani ya kiatu. Wajawazito walikuwa wanapigwa kupima nyonga, kuangalia kama ni mapacha, mtoto amelalaje. Halafu anakuja mwanamke mmoja na madodoso yake anasema jamani mnaua.

Madaktari wenzake wengi wakamkatalia, na hapa mimi siwezi kuwalaumu wote, maana hoja yao kubwa ilikuwa ya kisayansi kabisa. Mama aliyefiwa anakaa usiku anatafuta nini kimeua mwanangu, atakumbuka kila kitu, eksirei, kidonge, hata alipoteleza bafuni, wakati mama ambaye mtoto wake anacheza nje atasema tu sikumbuki. Tofauti hiyo ya kumbukumbu peke yake inaweza kukutengenezea uhusiano ambao haupo. Mimi mwenyewe dodoso zimenichezea hivohivo, si mara moja.

Mwaka 1960 Richard Doll, yule mtafiti aliyeonyesha sigara inaleta kansa ya mapafu, na wenzake wakatoa utafiti wa watoto kama 39,000 ambao mama zao walipigwa eksirei. Vifo vya saratani ya damu vilivyotarajiwa ni kama 10 hivi, vikaonekana 9. Watu wengi wakaona kesi imeisha. Lakini angalia vizuri, 39,000 inasikika kubwa, ila unachohesabu ni vile vifo 9, na namba ndogo hivo inayumba sana, haiwezi kukukatalia ongezeko la asilimia 40.

Na ndo lilikuja kuonekana hilohilo. Mwaka 1962 Brian MacMahon wa Harvard akatumia rekodi za hospitali 37 za kaskazini mashariki mwa Marekani, watoto zaidi ya 700,000, hakumuuliza mama yeyote kwa hiyo suala la kumbukumbu likafa, akapata vifo vya kansa kwa waliopigwa eksirei tumboni vimeongezeka karibu asilimia 40. Dogo kuliko la Alice, ila lipo. Hata hivyo mazoea yalibadilika polepole mno, na nadhani altrasaundi, inayomwangalia mtoto tumboni kwa mawimbi ya sauti bila mionzi ya eksirei, ilisaidia kuliko hoja zote, na kichekesho ni kwamba Ian Donald wa Glasgow alichapisha kazi yake ya altrasaundi Juni 1958, mwezi uleule wa Alice.

Alistaafu Oxford 1974 akahamia Birmingham, umri ambao wengine wanalea wajukuu, akaitwa na mtafiti wa Marekani Thomas Mancuso kuangalia data za wafanyakazi wa kiwanda cha nyuklia cha Hanford, Marekani. Pamoja na George Kneale, mtaalamu wa takwimu, wakasema 1977 kwamba hata dozi za mionzi zinazoruhusiwa kazini zinaleta kansa, serikali ikamnyang'anya Mancuso mradi, na kuzipata zile data ikawa vita ya miaka mingi.

Alifariki 2002 akiwa na miaka 95. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 308,000 wa nyuklia wa Ufaransa, Uingereza na Marekani, kansa inapanda kadiri dozi ndogo ndogo zinavyojumlishwa. Ukubwa wa hatari aliousema yeye kwa Hanford naona alizidisha, tena sana. Ila kwamba hatari yenyewe ipo, hapo alikuwa sahihi.